Mnachora, Mnatuma, Mnalala

Nimechoka kuletewa programu iliyoandikwa Arua, na vijana wa Arua, kwa ajili ya watu wa Arua na Koboko, halafu nikiuliza picha zake zimetoka wapi, watu wazima wanaanza kutazama dari.

Msimbo uko safi. Leseni ya msimbo imeandikwa, MIT au GPL, iko mahali pake. Lakini aikoni? Moja iliokotwa Google. Nyingine alichora binamu ya mtu, na binamu mwenyewe siku hizi yuko Juba, simu haipatikani. Ya tatu ilikatwa kutoka kwenye programu ya benki, hata rangi ya benki bado inaonekana pembeni. Halafu mwenye mradi ananikazia macho na kusema: hii ni programu huria, yeyote aitumie, aibadilishe, aigawe.

Huria kwa ruhusa ya nani?

Ndugu yangu msomaji, wewe wa Ediofe, wewe wa Oli, wewe wa Koboko mjini unayesoma haya huku chaji inakwisha, usijifanye mgeni. Unazijua picha hizo. Pengine umezitumia. Pengine wewe ndiye uliyezichora, ukazituma, ukalala.

Najua kuna mtu tayari ananong'ona: huyu naye, watu wanahangaika na barabara na hospitali, yeye analia na vipicha. Sawa. Nenda Koboko siku ya soko, kisha urudi uniambie kama picha ni jambo dogo.

Koboko imekaa pale Uganda, Kongo na Sudan Kusini zinapogusana. Ukienda mbele kidogo uko Oraba, na ng'ambo ni Kaya. Sokoni utasikia Kikakwa, Kilugbara, Kinubi, Kiarabu cha Juba, Lingala, na Kiswahili chetu hiki kinachowaunganisha wote kwa shida na raha. Lobule wako wakimbizi waliotoka Kongo. Rhino Camp na Imvepi wako waliotoka Sudan Kusini. Programu moja ya simu inatakiwa iwahudumie hawa wote. Utaiandika kwa lugha gani? Hata ukiandika kwa lugha sita, yuko mama asiyesoma hata moja kati ya hizo sita, na ndiye mwenye mtoto mgonjwa.

Mama huyo anabonyeza picha. Hasomi maneno yako, hasomi maelezo yako marefu, anabonyeza picha. Ikiwa picha inamdanganya, programu yote imemdanganya.

Sasa tazama tunampa nini. Tunampa disketi ili ahifadhi kazi yake, disketi ambayo hata mwanawe aliyemaliza chuo hajawahi kuishika. Kwa ujumbe tunampa kile kisanduku cha barua chenye kibendera chekundu kinachosimama mbele ya nyumba za Wamarekani. Akitaka kutoa taarifa ya kisima kilichoharibika tunampa bomba linalong'aa la jikoni kwa Mzungu, wakati kisima anachokijua ni kile chenye pampu ya mkono, mpini mrefu, watoto wawili wakining'inia juu yake.

Na kwa akiba tunampa nguruwe.

Ndiyo, nguruwe. Wazungu huweka sarafu ndani ya kinguruwe cha udongo, basi na sisi tukakikopi bila kufikiri. Programu ya vikundi vya akiba na mikopo, iliyokusudiwa Koboko, mji wenye Waislamu wengi na Wanubi wa kizazi hadi kizazi, ukiifungua unakaribishwa na nguruwe anayetabasamu. Hakuna aliyekusudia kumtukana mtu. Lakini kuna aliyefikiri? Kuna aliyemwonyesha hata mwanakikundi mmoja kabla ya kuisambaza? Nguo ya kuazima haisitiri makalio, wahenga walisema, na sisi tunatembea nayo mchana kweupe.

Kikundi cha akiba kina sanduku lake. Kila mtu huku kwetu analijua: sanduku la chuma, kufuli tatu, funguo tatu kwa watu watatu tofauti, na sanduku lenyewe linakaa kwa mtu wa nne. Hiyo ndiyo picha ya akiba. Ipo, imekaa chini ya mwembe, inangoja mchoraji.

Mchoraji naye asikurupuke. Aikoni huchorwa juu ya mraba mdogo, mara nyingi pikseli 24 kwa 24, na mraba huo hauna huruma. Ukichora kufuli tatu pamoja na matundu ya funguo na misumari ya bawaba, kwenye kompyuta yako utaona kazi ya sanaa. Kwenye Tecno ya bei nafuu, juani, mama ataona sanduku lililopigwa risasi. Kwa hiyo unaondoa. Unaondoa matundu, unaondoa misumari, unanenepesha mistari mpaka iwe na unene mmoja, unaacha mfuniko na pete tatu zenye nafasi ya kutosha katikati yake. Kisha unaipunguza mpaka ifike ukubwa wake halisi na kumwonyesha mtu asiyeijua. Usimwambie ni nini. Muulize. Akisema redio, rudi ukachore.

Hiyo ni kazi, jamani. Ni kazi ya siku nzima kwa aikoni moja. Ndiyo maana ninakasirika ninapoona inavyotupwa.

Inatupwaje? Kijana amechora kwa Inkscape, programu huria isiyogharimu shilingi. Anayo SVG mkononi, faili la vekta linaloweza kukuzwa likae ukutani au kupunguzwa likae kwenye kidole, na halipotezi kitu. Badala ya kulitunza anatoa PNG moja na kuituma kama picha kwa WhatsApp. WhatsApp inaikamua, inaigeuza JPEG, na ile sehemu iliyokuwa wazi nyuma ya mchoro inajazwa rangi. Mwenye programu anaipokea, anaikuza, inatoka ukungu. Anamtafuta kijana ampe faili la asili. Laptopu imeibwa Arua Park, Kampala, na SVG imekwenda nayo. Basi. Aikoni imekufa ikiwa na wiki mbili.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Tumeimba methali hii tangu darasa la tatu, na bado hatutunzi faili.

Tuma SVG kama hati, isiende kama picha. Weka SVG pamoja na msimbo, kwenye hazina ileile, mahali pamoja. Maneno yaliyomo ndani ya mchoro yageuze yawe mistari, maana simu ya mwenzako haina fonti yako. Ile aikoni kuu inayokaa kwenye uso wa simu, kumbuka kwamba tangu Android 8 kila kampuni ya simu huikata kwa umbo lake: hii duara, ile mraba wa pembe laini. Turubai ni 108 kwa 108, lakini salama ni duara la 66 katikati. Ukijaza mpaka ukingoni, pete za sanduku lako zitakatwa, halafu utaanza kulaumu wachawi. Dukani kwa Google wanataka 512 kwa 512. Haya yote yameandikwa, yanasomeka bure. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Lakini mimi sikuja leo kufundisha kuchora. Wachoraji tunao. Nimekuja kwa hasira ya leseni.

Sikia. Picha ikichorwa, hakimiliki imezaliwa papo hapo. Haingoji muhuri. Sheria yetu ya Hakimiliki ya mwaka 2006 inamlinda mchoraji maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Kujisajili URSB, wale wasajili wa serikali wenye ofisi hata hapa Arua, kunakupa ushahidi tu; haki yenyewe ilianza ulipoinua mkono kutoka kwenye kipanya. Maana yake ni hii: picha ambayo haina neno lolote la ruhusa, HAIRUHUSIWI. Kimya si ruhusa. "Niliikuta Google" si ruhusa. "Ni ya rafiki yangu" si ruhusa. Rafiki ataoa, atahama, atakasirika, atakufa, na watoto wake ndio watakaokuja kukudai.

Na leseni ya msimbo haivuki peke yake kwenda kwenye picha ambayo si yako. Unaweza kuandika MIT kwa herufi za dhahabu. Aikoni uliyoiiba benki bado ni ya benki. Alama za MTN na Airtel ulizobandika kwenye ukurasa wa kutuma pesa ni za MTN na Airtel. Huwezi kugawa usichomiliki. Mtoto wa shule anaelewa hili kuhusu embe la jirani. Kwa nini mhandisi halielewi kuhusu picha?

Ukidhani natia chumvi, tazama wakubwa. Mwaka 2006 Debian, watu waliojenga mfumo endeshi huria unaotumika dunia nzima, waligombana na Mozilla juu ya Firefox. Msimbo wa Firefox ulikuwa huria kabisa. Nembo yake, yule mbweha wa moto, haikuwa. Debian walikataa kuweka picha isiyo huria ndani ya mfumo wao. Mozilla wakasema bila nembo yetu msitumie jina letu. Matokeo? Debian waliibadilisha jina wakaiita Iceweasel, na ikaitwa hivyo mpaka 2016. Miaka kumi! Kivinjari kilekile, msimbo uleule, kinatembea kwa jina la bandia kwa sababu ya picha.

Mfano wa karibu zaidi upo. Kambi zetu za Rhino Camp na Bidibidi zilichorwa ramani na watu wa OpenStreetMap, vijana wakitembea na simu kijiji kwa kijiji. Data za ramani ile ni huria. Kimojawapo cha vifaa maarufu vya kuisoma bila intaneti ni OsmAnd, na msimbo wake ni huria pia. Lakini ukiitafuta F-Droid, lile duka la programu huria, utakuta wameibandika onyo: michoro yake ina leseni inayokataza biashara. Ramani huria, msimbo huria, picha zimefungwa. Wale ni watu wakubwa wanaojua wanachofanya, wamechagua. Wewe hukuchagua. Wewe umelala.

Hapo ndipo ninapofika kwa kijana anayechagua vibaya kwa sababu ya uchungu. Anafungua ukurasa wa Creative Commons, anaona orodha ya leseni, na jicho linaenda moja kwa moja kwenye ile yenye NC: hakuna biashara. "Wasije wakatajirika kwa jasho langu." Ninakuelewa. Umeibiwa mara nyingi mno. Lakini fikiri. Fundi wa simu pale sokoni Arua anayemwekea mama programu yako kwa elfu moja, je, hafanyi biashara? Kliniki inayotoza kadi? Mwenye kioski anayeuza simu zikiwa na programu tayari ndani? Umewafungia mlango hao, na yule tajiri wa mbali uliyemwogopa wala hakuwa na habari na pete zako tatu. Leseni yenye NC, au ND inayokataza kubadilisha, si huria. Debian wataikataa, F-Droid wataibandika onyo, na mwenzako wa Yei atakayetaka kugeuza sanduku lako liwe kikapu hataruhusiwa.

Ziko tatu zinazokutosha. CC0, unaachia kila kitu. CC BY, watumie wanavyotaka ila wakutaje jina. CC BY-SA, wakutaje jina na atakayebadilisha aiachie kwa masharti yaleyale. Mimi nikichora nachagua ya tatu, toleo la 4.0, kwa sababu inamzuia mwenye nguvu kuifunga kazi niliyoiacha wazi, na tangu Oktoba 2015 inaweza kuingia ndani ya mradi wa GPL toleo la 3 bila ugomvi. Wewe chagua yako. Ila CHAGUA, na uandike.

Uandike wapi? Kando ya picha. Kama faili linaitwa sanduku.svg, weka jingine dogo la maandishi, sanduku.svg.license, na ndani yake mistari miwili: mwaka na jina la mwenye hakimiliki, kisha jina la leseni. Huo ni utaratibu wa REUSE, waliouanzisha watu wa programu huria wa Ulaya. Mistari miwili. Unashinda ukiandika mistari mia ya matusi baada ya Arsenal kufungwa, miwili ya kulinda jasho lako inakushinda?

Kitu kimoja nisisahau, maana nakiona kila kibao cha kliniki kutoka Vurra mpaka Oraba, na sasa kimeingia kwenye simu: msalaba mwekundu juu ya nyeupe. Ule si alama ya udaktari. Ni alama ya Msalaba Mwekundu, inalindwa na Mkataba wa kwanza wa Geneva wa 1949, kifungu cha 53, na hakuna leseni yoyote ya kukuruhusu kuiweka kwenye programu yako. Sababu yake sisi watu wa mpakani tungepaswa kuijua kuliko wengine: alama ile inatakiwa imwambie mwenye bunduki asipige. Ikibandikwa kila mahali, kwenye duka la panadol na kwenye vitufe vya simu, mwenye bunduki ataacha kuiamini. Tumepokea watu waliotoroka bunduki tangu miaka ambayo wengi wenu hamjazaliwa, halafu tunachezea ngao yao. Msalaba mweupe juu ya kijani unatosha kwa huduma ya kwanza. Badilisha.

Sasa mnisogelee, hapa ndipo pabaya.

Shirika moja, sitalitaja, lilikuja kwetu likataka aikoni za programu ya afya. Vijana wakachora: mtoto mgongoni, jerikeni, chandarua, mama mjamzito mwenye kikapu kichwani. Kazi nzuri, walipewa nauli na soda na malipo madogo ya mwisho wa wiki. Karatasi ya makubaliano haikuwapo. Mradi ukaisha, ofisi ikafungwa, gari jeupe likarudi Kampala. Vijana wakataka kutumia picha zao wenyewe kwenye programu huria ya visima. Nikawauliza: ni zenu?

Wakacheka. Walidhani natania.

Sheria ileile ya 2006 inasema kazi iliyofanywa kwa kuagizwa, ikiwa hakuna mkataba unaosema vinginevyo, hakimiliki yake ni ya aliyeagiza. Soma tena. Ya aliyeagiza. Mkono wako, macho yako, jerikeni ya nyanya yako, na mwenye hakimiliki ni ofisi iliyofungwa, yenye barua pepe isiyojibu. Vijana hawawezi kuzitoa kwa leseni huria, kwa sababu si zao kuzitoa. Shirika haliwezi kuzitoa, kwa sababu hakuna anayekumbuka kwamba zipo. Zimekwama hapo katikati. Hakuna aliyeziiba. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi, maana mwizi ningemfukuza.

Na bado wiki ijayo mtaitwa tena kwenye ukumbi wa hoteli, mtapewa daftari na kalamu, mtachora, na hakuna hata mmoja atakayeinua mkono kuuliza picha zitakuwa za nani. Mnaogopa kunyimwa nauli ya kurudi. Mchelea mwana kulia hulia yeye.

Walimu wa Chuo Kikuu cha Muni, mko hapa tangu 2013, mnafundisha vijana kuandika msimbo, na wanauandika vizuri. Wapeni somo moja la leseni, saa mbili tu, kabla hawajaingia mtaani kugawa mali.

Nanyi wenye miradi, mnaopenda sana kutuandikia "huria" kwenye mabango, ombi langu ni karatasi moja, isainiwe kabla penseli haijagusa karatasi. Iseme hakimiliki inabaki kwa mchoraji. Iseme picha zinatolewa kwa CC BY-SA 4.0, kwa jina lake, na SVG zinakabidhiwa pamoja na msimbo. Mkiona hilo ni kubwa mno, basi angalau iseme ninyi wenyewe mnazitoa kwa leseni hiyohiyo tangu siku ya kwanza, ili mkiondoka zibaki. Haihitaji wakili kutoka Kampala, wala warsha nyingine.

Msipoisaini, kijana wa Koboko asichore.